Sheria ya Mizinga Mikavu

Mulwa Kimanzi alikuwa mkata lenzi. Ukiingia lile duka la miwani katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, ungemwona msichana wa mapokezi na ukuta uliojaa fremu. Mulwa hungemwona. Yeye alikuwa nyuma ya pazia, mbele ya mashine ya kusaga, anachukua lenzi ya duara na kuipunguza taratibu mpaka iingie kwenye fremu bila kulazimishwa. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Miwani iliyowahi kurudishwa kwa sababu yake ilikuwa mbili tu, na zote mbili alishikilia kwamba kosa ni la aliyeandika vipimo.

Mkono wake haukutikisika. Hilo alijivunia, ingawa kanisani kwao Mountain View, ambako alikuwa mzee wa kanisa, angekuambia kuwa hana la kujivunia.

Alipokuwa shule ya upili huko Machakos alitaka kuwa rubani. Akapimwa macho, na safari ikaishia hapo. Kwa hiyo, akiwa na miaka thelathini na tisa, mtu wa mke na binti, alipopanda ngazi siku moja Kangemi kukwepa mvua na kukuta chumba chenye kompyuta tisa na viti viwili vya vijiti vya urubani, alisimama mlangoni kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Chumba kilikuwa cha bwana mmoja aitwaye Thuo, juu ya duka la chakula cha kuku. Watu walikuwa wakipigana angani, vyombo vikizunguka kati ya vimondo, nyota nyuma yao zikiwa nyingi kuliko anga la Nairobi linavyoruhusu. Mvua ilikatika na Mulwa hakuondoka.

Mchezo wenyewe ulikuwa na jina refu la Kiingereza, lakini kwa Thuo uliitwa Nyota tu. Baada ya miaka mitatu Mulwa alikuwa mwenyekiti wa wachezaji, watu ishirini na kitu, na ndiye aliyefundisha wageni. Somo lake la kwanza lilikuwa kuhusu mizinga.

Katika Nyota chombo chako kinaweza kubeba mizinga ya aina mbili. Kuna uliofungwa imara kwenye mbavu za chombo. Huo haugeuki. Unapiga pale tu pua ya chombo inapoelekea, basi ukitaka kumpiga adui ni lazima uelekeze chombo kizima, tena si pale alipo bali pale atakapokuwa risasi ikifika. Ni mgumu, lakini ukipata, unaumiza. Wachezaji wa Thuo waliuita mkavu. Kuna wa pili ulioshikizwa kwenye kiungo, unaogeuka wenyewe kidogo kumfuata adui aliye mbele yako. Risasi yake ni nyepesi, na adui akimwaga vipande vya bati hewani unachanganyikiwa na kupiga ovyo, lakini unakupa nafasi ya kuruka upande, kukwepa, na kuendelea kupiga. Huo waliuita wa shingo.

Mulwa alikuwa mtu wa mikavu.

"Mzinga wa shingo ni kama kuvaa miwani ya jirani," aliwaambia wageni. "Unaona, ndiyo. Lakini si wewe unayeona."

Watu walicheka, na wengi wakafunga mikavu kwa sababu yake.

Njambi alikuja mwaka wa nne. Alikuwa fundi wa sare za shule, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Kangemi, ambaye mama yake alikuwa na nyumba za kupangisha nyuma ya soko. Alikuwa akipita kila jioni saa kumi na moja akitoka kibandani kwake, na siku moja akapanda. Mulwa alimfundisha kama alivyofundisha wote. Njambi alishika upesi kila kitu isipokuwa mikavu. Pua ya chombo chake ilikuwa ikimfuata adui vizuri, halafu dakika ya mwisho inateleza.

Siku ya tatu alimwambia sababu. Walikuwa kwenye ngazi, wengine wakiwa ndani.

"Mwalimu, wacha nikuonyeshe kitu, lakini isifike kwa hawa." Akanyoosha kidole gumba cha mkono wa kulia. Kifundo kilikuwa kinene na kulikuwa na kovu jeupe kando ya ukucha. "Sindano ya mashine iliingia hapa ikavunjikia ndani. Mwaka juzi. Cherehani naweza, nimezoea. Lakini ile kitufe ya juu, ya kusukuma pua kidogo kidogo, hii kidole haisikii vizuri. Kukiwa na baridi haisikii kabisa."

Mulwa alikishika kidole kile akakiangalia karibu na miwani yake, kama anavyoangalia lenzi. Vijiti vya Thuo vilitengenezwa kwa mkono wa kulia, kidole cha mbele kwenye kifyatulio, gumba juu kwenye kitufe cha kurekebisha. Aliona tatizo mara moja.

"Basi funga shingo," alisema. "Shingo haihitaji gumba. Wewe ruka tu."

Ulikuwa ushauri mzuri na aliutoa kwa moyo safi. Baadaye alilazimika kukumbuka kuwa siku ile moyo wake ulikuwa safi, na kumbukumbu hiyo haikumsaidia.

Kwa maana Njambi alifunga shingo akaruka. Alikuwa haelekei adui kama wengine. Alipita ubavuni, chini juu, chombo kikienda huku na risasi zikienda kule, na ukimmwagia bati alitulia, akahesabu pumzi mbili, shingo zikirudi kwenye akili zao anakumaliza. Ndani ya miezi mitano hakukuwa na mtu kwa Thuo aliyemweza, ila Mulwa. Mwezi uliofuata akamshinda Mulwa. Mulwa akampongeza mbele ya watu. Wiki mbili baadaye akamshinda tena, na mara hii Mulwa akasema kitu kuhusu kiti kuwa kimelegea.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, chumba kimejaa. Njambi alimzunguka mara nne kabla ya kumwangusha, na mtu mmoja nyuma akasema bila ubaya, "Mzee Mulwa anatafuta miwani yake."

Kila mtu alicheka, Njambi hakucheka. Aligeuza kiti akasema, "Huyu ndiye alinifunza. Kila kitu ninajua ni yeye." Alisema kweli na alisema kwa heshima. Mulwa alirudi nyumbani kwa miguu, na maneno yale yakamchoma kuliko kicheko.

Mwezi wa kumi ikaja barua kutoka Kigali. Kulikuwa na mashindano ya nchi za Afrika Mashariki mwishoni mwa mwezi wa kwanza, na vyumba vya michezo vilialikwa kuleta mchezaji mmoja mmoja. Thuo aliisoma kwa sauti wanachama wakiwa wamekaa. Alipofika mahali palipoandikwa kuwa mizinga ya kila aina inakubaliwa, Mulwa aliacha kusikiliza. Alijua, kama alivyojua vipimo vya lenzi, kwamba mtu wa kwenda Kigali ni Njambi.

Akainua mkono.

"Napendekeza mechi za kuchagua mtu wetu zichezwe kwa mikavu tu," alisema.

Oyoo, dereva wa lori aliyekuwa katibu wao, akaweka kalamu chini. "Na Kigali wamesema zote ni sawa. Sasa sisi tunajikataza kwa nini?"

"Kwa sababu tunatafuta mtu mmoja. Ukitaka kumjua mtu, mwondolee kila kinachomsaidia. Anayeweza mikavu, akifika kule achague anachotaka. Lakini aliyezoea kubebwa na shingo, siku ikimwangusha ataanza wapi?"

Alizungumza vizuri. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma neno kanisani, na watu walikuwa wamezoea kumwamini. Wakati wote huo hakuangalia upande wa dirisha alikokaa Njambi. Thuo akauliza nani anakubali. Mikono ikainuliwa, mingi, na baada ya kusita kidogo mkono wa Njambi nao ukainuka.

Njambi alimngoja kwenye ngazi.

"Mwalimu. Na hii?" Hakuonyesha kidole, alikifunika tu kwa kiganja kingine. "Wewe unajua vile iko."

"Najua."

"Unaona nitaweza?"

Hapo ndipo Mulwa angeweza kurudi ndani. Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yake. Oyoo alikuwa bado anaandika ile sheria kwenye daftari.

"Utaweza," alisema. "Ukiweza mikavu, hakuna mtu atakushika tena. Ni mazoezi tu."

Uso wa Njambi ulifunguka. "Kama umesema wewe, sawa," Njambi akasema, akashuka.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila jioni. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa wa mvua na baridi, na alikuwa akipasha kidole moto kwenye kikombe cha chai kabla ya kukaa. Mulwa alimwona akirudia jambo moja mara sabini: kumfuata adui wa kompyuta, kulenga mbele yake, kusukuma pua kwa gumba, kupiga. Mwanzoni alipata moja katika kumi. Mwezi wa kumi na mbili alikuwa anapata tano. Kidole alikuwa amekifunga kitambaa cha bluu, kipande cha sare.

"Inauma?" Mulwa alimuuliza.

"Usiku tu. Asubuhi nikianza kazi inapoa."

"Vumilia."

Hilo ndilo neno alilosema. Alilisema akiwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono mfukoni, na alipofika nyumbani alishindwa kumaliza chakula. Nthenya, mke wake, aliuliza kama anaumwa. Akasema ni kiungulia.

Alijaribu kujiridhisha. Alijiambia sheria ni ya wote. Alijiambia kuwa Njambi mwenyewe aliinua mkono, na hakuna aliyemlazimisha. Alijiambia hata kuwa anamsaidia, kwa sababu kweli alikuwa anaendelea kuwa hodari. Jumapili moja zamu yake ya kusoma ilifika, na somo lilikuwa lile la Yakobo aliyevaa ngozi za mbuzi mikononi ili baba yake asiyeona amdhanie ni ndugu yake. Alisoma mpaka mwisho na akakaa. Akafunga kitabu kabla wengine hawajafunga vyao.

Mechi ya mwisho ya kuchagua ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, saa nne asubuhi. Walikuwa wamebaki wawili, kama kila mtu alivyotarajia. Anayetangulia kushinda raundi mbili ndiye wa Kigali.

Raundi ya kwanza Njambi alishinda. Alikuja moja kwa moja, pua imetulia, akapiga mara tatu na zote zikaingia, na watu wakasimama ili waone vizuri. Mulwa mwenyewe alishangaa. Ilikuwa mikavu safi kuliko yake. Kwa dakika chache alifurahi, na alitamani furaha ile ibaki, kwa kuwa kama angeshindwa, kila kitu kingekuwa kimefutika.

Raundi ya pili alishinda Mulwa. Ilikuwa ndefu, na mwishoni Njambi aliachia kijiti akapepea mkono hewani kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Ya tatu walizungukana kwa muda kati ya mawe. Njambi akampata nyuma, mahali pazuri kabisa, Mulwa hana pa kwenda. Risasi ya kwanza ikampiga. Ya pili ikampiga. Chombo cha Mulwa kilikuwa kimebakiza pumzi moja. Halafu pua ya chombo cha Njambi ikateleza kushoto, polepole, kama kichwa cha mtu anayesinzia, na haikurudi. Mulwa aliona. Alijua hasa kilichotokea, alijua kidole gani na kifundo gani. Chumba kizima kilidhani amekosea, yeye peke yake alijua. Aligeuza chombo, akalenga, akapiga.

Njambi alimpa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuweka mapajani.

"Nenda ututetee, Mwalimu," alisema.

Kigali Mulwa alitolewa raundi ya kwanza, na haikuchukua dakika nne. Aliyemshinda alikuwa mwalimu wa hesabu kutoka Mwanza, bwana mpole mwenye suti. Alikuwa amefunga mzinga mmoja mkavu na miwili ya shingo. Baadaye walikunywa chai pamoja, na yule bwana akauliza, kwa Kiswahili chake cha utaratibu, kama ni kweli kwamba huko Nairobi wamekataza mizinga ya shingo kwenye uchaguzi wao.

"Ni kweli."

"Mlikuwa na sababu gani?"

Mulwa alifungua kinywa kurudia yale maneno ya kumwondolea mtu kinachomsaidia. Hayakutoka. Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeyeyuka zamani.

"Sababu ilikuwa yangu," alisema mwishowe. Yule bwana hakuelewa, na hakuuliza zaidi.

Aliporudi alipitia Kangemi kabla ya kwenda nyumbani. Kibanda cha Njambi kilikuwa kimefungwa, adhuhuri, siku ya kazi, mwezi ambao mafundi wa sare hawapati hata muda wa kula. Jirani yake, Mercyline, aliyekuwa akiuza viatu, alimwambia bila kuinua kichwa.

"Huyu hayuko. Kidole ilivimba ikawa kama kiazi. Alienda hospitali wakaipasua, kulikuwa na usaha hadi kwa mfupa. Amefungwa bandeji wiki tatu."

"Na kazi?"

"Kazi gani? Ile shule ya huko juu ilimpatia sare zote za watoto wapya. Alishona nusu. Nusu wamepelekea mtu mwingine, na hawa wakishaenda kwa mwingine hawarudi." Ndipo akamtazama. "Kwani wewe si ndio yule mwalimu wake? Alituambia umeenda Kigali. Ulishinda?"

"Hapana."

"Pole."

Ile pole ilimfuata mpaka nyumbani. Nthenya alikuwa anapanga nguo za Kanini, binti yao, na Mulwa akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza. Alianza na Kigali, akarudi kwenye ile mechi, akarudi kwenye sheria, na mwisho akafika kwenye ngazi, siku ile alipoonyeshwa kidole. Nthenya aliacha kukunja.

"Baba Kanini, ngoja. Ulijua kuhusu kidole kabla ya sheria?"

"Nilijua."

"Na watu wengine hawakujua."

"Mimi tu."

Nthenya aliweka kando gauni alilokuwa ameshika. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ambako watu huja na shida zao siku nzima, na alikuwa amejifunza kusikiliza mpaka mwisho.

"Basi mimi siwezi kukuambia kitu," alisema. "Si mimi uliyemkosea. Nenda."

Alienda kesho yake mchana, akiwa ameomba ruhusa kazini. Mama yake Njambi alimfungulia lango, mwanamke mnene mwenye leso kichwani, na alipomtambua alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu. Karibu sana. Umekuja kumwona mgonjwa. Mungu akubariki."

Njambi alikuwa ndani, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo cha mkono, anachambua vifungo vya sare kwa mkono wa kushoto, vyeupe huku, vya kijivu kule. Mama akatoka kwenda kupika chai.

"Nimesikia Kigali," Njambi alisema. "Usijali. Mwaka ujao."

"Njambi, nimekuja kukuambia kuhusu ile sheria. Niliileta kwa sababu yako."

"Najua. Ulitaka nijifunze."

"Hapana. Nilitaka ushindwe."

Mkono wa Njambi ulisimama juu ya vifungo. "Rudia."

"Ulinishinda mara tatu na watu wakacheka. Sikuweza kuvumilia. Barua ilipokuja nikajua ni wewe utaenda. Nikatafuta kitu kimoja ambacho huwezi, na nilikijua kwa sababu uliniambia mwenyewe."

"Hii kidole."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza pale kwa ngazi."

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

Njambi alitazama bandeji yake. Nje mama yake alikuwa akiongea na mpangaji kuhusu bomba.

"Unajua mimi nimeambia watu nini?" alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimewaambia kuna mzee mmoja aliniona, akanikaza kwa sababu alijua naweza. Nilikuwa nikiumia usiku najiambia, Mwalimu aliona kitu. Na mama anakuombea. Kila asubuhi anakutaja kwa jina."

Mulwa aliokota kifungo kilichokuwa kimeanguka, akakirudisha kwenye vyeupe.

"Sasa umekuja ili nifanye nini? Nikusamehe?"

"Sijui. Nilitaka ujue."

"Sasa nimejua. Ulikuwa umeibeba wewe, sasa nimeibeba mimi. Wewe unaenda nyumbani ukiwa mwepesi."

"Siendi nikiwa mwepesi."

"Hiyo ni shauri yako, Baba Kanini."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Mama aliingia na chai, na Mulwa akainywa kwa sababu kuikataa kungekuwa kosa jingine. Mama alimsimulia jinsi daktari alivyosema kidole kitapona lakini hakitakunjika tena. Alimshukuru mara mbili zaidi. Njambi hakumwambia mama kitu, hakuinua macho, na Mulwa alitambua kwamba kukingiwa aibu pale kulikuwa adabu ya nyumba ile tu, si msamaha.

Jumamosi alisimama kwa Thuo, watu wote wakiwa wamekaa, akasema yote. Hakusoma popote wala hakutumia sauti ya kanisani. Alitaja kidole, kwa kuwa Njambi alikuwa amemtumia ujumbe wa neno moja tu Mulwa alipomwomba ruhusa: Sema. Alipomaliza, alikaa. Oyoo alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akaikata ile sheria kwa mstari mmoja katikati, kisha mstari wa pili.

"Mimi niliuliza," Oyoo alisema. "Niliuliza kwa nini, na nikanyamaza nikijibiwa vizuri. Hiyo nitakaa nayo."

Thuo alimwambia uenyekiti basi, na Mulwa akakubali. Aliendelea kuruhusiwa kucheza. Hakucheza. Kanisani pia alimwendea mchungaji na kuomba asisome kwa mwaka mmoja, na mchungaji alipojua sababu hakumbembeleza.

Haikuishia hapo, kwa kuwa kukiri hakushoni sare. Mwezi wa tatu bandeji ilipotoka alirudi kibandani kwa Njambi. Alimkuta amebadilisha cherehani ili kitambaa akiongoze kwa kushoto. Alikuwa anashona pole pole, na kukata kulimshinda kabisa, maana mkasi mzito wa fundi unahitaji gumba.

"Nina mikono miwili," Mulwa alisema akiwa amesimama nje. "Jumamosi sina kazi. Naweza kukata."

"Umewahi kukata kitambaa?"

"Sijawahi. Nimekata lenzi."

Mercyline aliacha kupanga viatu ili asikilize. Njambi alichukua chaki na kipande cha kitambaa kilichochakaa, akachora mstari uliopinda wa kwapa, akamsukumia na mkasi. Mulwa aliukata bila kutoka nje ya chaki hata mahali pamoja. Njambi alikigeuza akaangalia upande wa pili.

"Kuja saa mbili," alisema. "Lakini uelewe. Hii ni kazi tu. Usinitafutie maneno hapa."

Hakumtafutia maneno. Alikuja Jumamosi ya kwanza na ya pili na zote zilizofuata, akakata sketi, kaptura na kola, na kuondoka saa saba. Wiki za mwanzo walizungumza vipimo tu. Wateja walipomuuliza Njambi huyu ni nani, alijibu, "Ananikatia." Kuna siku Mulwa alitamani aongeze neno. Hakuongeza.

Mwezi wa sita Njambi alirudi kwa Thuo. Oyoo ndiye aliyemletea Mulwa habari. Amefunga shingo zote tatu, Oyoo alisema, na Thuo amemnunulia kijiti cha mkono wa kushoto, na watu wanaanguka kama embe. Mwaka ule mashindano yalikuwa Kampala mwezi wa nane. Hakukuwa na sheria yoyote ya kuchagua ila kucheza na kushinda, na Njambi akaenda. Alifika nane bora. Walimsindikiza stendi watu kumi na wawili. Mulwa hakualikwa, na siku hiyo alikuwa nyuma ya pazia lake mjini, anasaga lenzi nene ya mzee mmoja, akiangalia saa ya ukutani kila baada ya dakika chache.

Kidole hakikukunjika tena. Ile shule ya huko juu haikurudi pia, ingawa zilikuja nyingine mbili ndogo. Mama yake Njambi alikuja kujua, Mulwa hakuambiwa lini, ila siku moja walikutana sokoni na mama akamsalimu kwa kichwa tu, akapita na kikapu chake. Mulwa alisimama mahali pale mpaka mtu wa mkokoteni akamwomba njia.

Jumamosi baada ya Kampala alifika saa mbili kama kawaida, hajui kama bado anahitajika. Njambi alikuwa amechoka na safari, macho mekundu, na juu ya meza kulikuwa na marobota mawili ya kitambaa cha kijani ambayo hayajafunguliwa.

"Hongera," Mulwa alisema.

"Asante." Akamwekea mkasi mbele yake. "Anza na ile ndogo. Ni suruali za darasa la kwanza. Wachia inchi moja chini, watoto wanakua."

Mulwa akafungua robota, akatandaza kitambaa, na akaanza kukinyoosha kwa viganja.